Habari Niliyopeleka Sitalike

Kwanza nawaomba mnivumilie. Elimu yangu ni ya darasa la saba, mwandiko wangu umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na yapo maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanaanza na h au hayaanzi nayo. Naandika polepole pia. Nikimaliza sentensi naiogopa, nafuta, naandika nyingine inayofanana na ile ile. Mkikuta makosa, msisimame hapo, endeleeni tu.

Nataka kueleza mafunzo ya saikolojia niliyoyapata Mpanda, hasa ile sehemu ya mazoezi. Darasani nilielewa karibu kila kitu. Mazoezi ndiyo sijayaelewa, na ni mwaka wa pili sasa.

Ilikuwa mwaka uliofuata uchaguzi wa vyama vingi, wakati fulana za kampeni zilikuwa bado zinavaliwa shambani. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Watu walirudi kutoka machimboni na mijini wakiwa wamekonda, wanalala kwenye vyumba vya nyuma, na hakuna aliyetaka kuutaja ugonjwa wao. Sista mmoja wa parokia, ambaye alikuwa amesoma saikolojia nje ya nchi, alisema watu hawa wanakufa mara mbili, kwanza kwa kukosa wa kuongea naye. Akaanzisha mafunzo ya washauri kwenye ukumbi wa kanisa. Alitaka waliomaliza kidato cha nne. Waliojitokeza walikuwa wachache, na mmoja akapata kazi reli akaondoka. Katekista wetu wa Shanwe ndipo akanitaja mimi. Alimwambia Sista kuwa mimi ni mtu wa kukaa kimya. Nadhani alikuwa ananisifu.

Darasani tulikaa wawili wawili, mmoja akijifanya mgonjwa na mwingine mshauri. Wenzangu walicheka sana wakati wa kuigiza. Mimi nilitoka jasho. Nilikuwa siwezi kumtazama mtu usoni, nilikuwa natazama vifungo vya shati lake. Lakini maneno ya Sista niliyashika. Sikiliza. Usihubiri. Usimkatize mtu akinyamaza, maana kunyamaza nako ni kuongea. Na juu ya yote, sema kweli, usiongeze wala usipunguze.

"Mgonjwa anadanganywa na ndugu," alisema, "anadanganywa na manesi, na mwenyewe anajidanganya. Nyie msiwe wa nne."

Baadaye kila mmoja wetu akapewa mgonjwa wake wodini. Kazi ilikuwa kwenda kila siku, kukaa karibu naye, na kila Ijumaa kumweleza Sista tulichojifunza. Mimi nilipewa kijana wa kitanda cha dirishani. Alikuwa amenizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita kaka. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mtu aliyeshika sururu kwa miaka, lakini ndani ya mikono hiyo hamkuwa na kitu tena, ni mifupa na mishipa tu.

Siku za mwanzo alinigeuzia mgongo. Nami nilikaa nikitazama mgongo huo. Siku moja akasema bila kugeuka, "Wewe nani amekutuma kunilinda?"

"Sijatumwa kukulinda, kaka. Nipo kwenye mafunzo."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya saikolojia. Kusikiliza watu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo nayo inafundishwa? Basi umepata mwalimu mbaya, mimi sina la kusema."

Tangu hapo akawa ananiita daktari wa masikio. Nikiingia anawaambia wenzake, "Jamani nyamazeni, daktari wa masikio kafika." Wale waliokuwa na nguvu walicheka. Mimi nilifurahi, ingawa sikuonyesha.

Polepole akaanza kuongea. Kwao ni Sitalike, kule barabara inapoingia mbugani. Baba yake alikuwa akifanya kazi Karema, ziwani, na huko ndiko alikofia. Matanga hayajaondolewa bado, yeye akaondoka kwenda machimboni na vijana wengine. Mama yake alimfuata mpaka barabarani akamwambia, kama unaondoka baba yako hajapoa, usirudi. Naye hakurudi. Machimboni walimpa jina lingine, la utani, na hospitali walimwandika kwa hilo hilo.

"Jina langu la nyumbani," aliniambia, "sijalisikia tangu siku ile barabarani. Hapa mimi ni kitanda cha dirishani."

Nikamwuliza kama nilivyofundishwa, "Unajisikiaje ukisema hivyo?"

"Acha maswali ya darasani, mdogo wangu. Nataka mama aje aniite. Mara moja tu. Akishaniita, hata kama ataendelea kugomba, basi."

Nikampelekea Sista maneno hayo kabla ya Ijumaa. Sista akamwuliza daktari, na daktari akasema kama mama ataitwa, aitwe sasa. Parokia ilikuwa na baiskeli. Sista akaniambia, "Nenda wewe, maana ni mtu wako. Mwambie ukweli kama ulivyo. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe."

Niliondoka asubuhi na mapema. Njia ile ina mbung'o, wanauma hata juu ya shati, kwa hiyo nilivunja tawi lenye majani nikawa najipiga nalo huku nakanyaga pedali. Njia nzima nilikuwa nakariri. Mama, mwanao yuko hospitali ya Mpanda. Anaumwa sana lakini yu hai. Anaongea. Anakuita. Niliyasema kwa sauti kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunisikia, na kwa mara ya kwanza sauti yangu haikutetemeka. Nikaamini nimeiva.

Sitalike niliposhuka nilivua kofia, kwa adabu na kwa joto pia. Nikamsogelea mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na maandazi kando ya barabara, nikamwamkia. Nikamwuliza kwa mjane wa yule aliyefia Karema ni wapi.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Mpanda, mama. Hospitali."

Aliweka birika chini. Alivuta khanga kutoka kiunoni akajifunika kichwa, akamwita binti yake na kumnong'oneza, na binti akaondoka mbio. Halafu akanielekeza njia kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani.

Nilipofika kwenye mji wa yule mama, wanawake walikuwa wanafagia uwanja. Vigoda vilikuwa vinatolewa nje. Mzee mmoja aliyevaa koti kwenye jua lile akanipokea baiskeli, akanishika bega na kunipeleka nyuma ya ghala la mahindi. Alikuwa mjomba wa mgonjwa, kaka wa yule mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bwana mdogo, niambie mimi kwanza. Amefariki lini?"

"Hajafariki, mzee. Yuko hai."

Akatikisa kichwa taratibu. "Vizuri. Umefundishwa vizuri. Mbele ya dada yangu sema hivyo hivyo. Lakini mimi ni mwanamume, niambie tu."

"Mzee, yuko hai kweli. Anaumwa sana, lakini anaongea. Anamwita mama yake aje."

"Ndiyo, ndiyo."

"Naapa, mzee. Haki ya Mungu."

"Usiape sana, utachoka," alisema, tena kwa upole. "Mimi mwenyewe nilimwapia dada hivyo hivyo wakati wa mumewe."

Kwa wasioijua desturi yetu, kwetu mtu hapelekewi habari ya kifo. Anaambiwa mgonjwa wako ana homa, au kaanguka kidogo, njoo umwone. Anaelezwa akiwa ameshafika na ndugu wamemzunguka, ili asianguke njiani peke yake. Kila mtu anaijua desturi hii, hata mimi nimelelewa nayo. Ndiyo maana mgeni akitoka hospitali na kofia mkononi, asemalo lolote linapokelewa kwa namna moja tu. Nilikuwa nimekariri maneno njia nzima, na sikuwaza hata kidogo kuwa watu wameshayasikia kabla yangu, kutoka kwa watu waliokuwa wanadanganya kwa huruma.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Alikuwa mdogo wa mwili, na mikono yake ilikuwa ile ile ya mwanawe. Nikapiga magoti, nikamwambia nilichotumwa. Nilimtazama usoni, mimi ambaye siwezi kumtazama mtu, kwa sababu Sista alisema kweli inaonekana machoni.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakunywa uji, mama."

"Anaongea?"

"Anaongea sana. Tena anatania wenzake. Anataka uje umwite jina lake."

Akaliweka gunzi chini. "Wewe mtoto," alisema, "baba yake alipokufa Karema walikuja wakaniambia anaumwa jino. Nikaenda na karafuu. Nimezifunga kwenye pindo la khanga, nazishika njia nzima zisidondoke."

Halafu akaanza kulia, na wanawake waliokuwa wanafagia wakatupa mifagio.

Nilizunguka uwanja ule nikimwambia kila mtu. Nilimwambia mjomba tuondoke sasa hivi, mama akae kwenye keria, nitaendesha polepole, jua halijazama tutakuwa Mpanda. Alinitazama kama mtu asiye na adabu lakini anasamehewa kwa sababu ya umri.

"Maiti haikimbii, bwana mdogo. Kaka yetu mkubwa yuko Usevya, ameshafuatwa. Mama wa marehemu hawezi kufungwa kwenye keria kama gunia la mkaa. Kesho lori linapita."

"Lakini kesho anaweza kuwa amekufa kweli!"

Nilijuta hapo hapo. Mjomba alinishika mkono akasema, "Umeona sasa? Limekutoka. Pole, ni kazi ngumu uliyopewa."

Tangu hapo hakuna aliyenisikiliza. Baiskeli yangu waliiweka ndani na kunikalisha kwa wanaume. Fundi akaanza kuranda mbao nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mama mmoja, shemeji wa ukoo, ambaye ndiye mtani wao wa msibani, kazi yake ni kuwachokoza wafiwa wasizame kwenye huzuni. Ugali ulipoletwa akaja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mtazameni mjumbe wenu! Anasema hakuna msiba na tonge la msiba limemjaa mdomoni. Kama hakuna msiba rudisha nyama, mwanangu!"

Watu wakacheka, hata mjomba. Tonge lilikuwa mkononi, nikalirudisha kwenye sahani. Wakacheka zaidi. Mama wa mgonjwa alikuwa ndani bado analia, na ndani ya kilio chake nilisikia jina moja linarudi, linarudi. Nikaelewa ndilo lile jina. Aliliita mpaka watu wakalala, na alfajiri nilipoamka alikuwa analiita bado, ila sasa kwa sauti iliyochanika.

Lori lilipita asubuhi. Tulipanda pamoja na mkeka, shuka jeupe jipya na wanawake wengi kuliko nafasi. Barabara ilikuwa mbaya, tukasimama mara nyingi kupakia watu wa ukoo waliokuwa wakisubiri vijijini. Kila kituo mama alianza upya kumlilia, kwa ajili ya wale waliopanda. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ukingo wa bodi la lori na baiskeli miguuni, nikiomba awe hai, halafu nikijiuliza itakuwaje wakimkuta hai.

Tulipofika kwenye geti la hospitali wanawake waliteremka, wakaweka mikono kichwani na kuanza, kama inavyofanywa ukifika kwa maiti wako. Niliruka nikakimbia mpaka wodini.

Alikuwa hai. Alikuwa ameegemea kiwiko, shingo imenyooka kuelekea dirishani, anasikiliza.

"Ile sauti ni ya mama," alisema.

"Ndiyo, kaka. Amekuja."

"Anaita jina langu." Akasikiliza tena. Uso wake ulikuwa umeanza kufurahi, halafu ukaacha. "Anamlilia nani?"

Sikuweza kumtazama. Lakini nilikuwa nimefundishwa, na aliyenifundisha alikuwa amesimama mlangoni ananiona.

"Wewe, kaka. Nilimwambia uko hai. Hakuniamini."

Alijilaza taratibu, akavuta shuka mpaka kifuani, akawa kama mtu anayejiweka sawa kwa ajili ya wageni.

Waliingia. Mjomba alikuwa mbele, na lile shuka jeupe lilikuwa limekunjwa kwapani mwake. Alipoona macho ya mpwa wake yanamtazama, alilipeleka mgongoni haraka, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Wanawake walinyamaza mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa mbele hadi wa nje. Mama akapita katikati yao. Alimshika uso, akamshika masikio, akamshika ile mikono. Mdomo wake ukafunguka.

"Niite, mama," mwanawe alisema.

Alijaribu. Hakuna kilichotoka. Usiku kucha, njia nzima na pale getini alikuwa ameimaliza sauti yote. Koo lilitoa upepo mkavu, kama bomba la maji wakati maji yamekatwa. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama. Mwanawe alimtazama kwa subira kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Basi, mama, nimesikia ulipokuwa getini," akageukia dirisha.

Mama alikaa naye siku zote zilizobaki. Alimnywesha uji kwa kijiko, alimgeuza, alimfulia nguo zake uani pamoja na wake za wagonjwa wengine. Wote wawili hawakuongea, yeye kwa kukosa sauti, mwanawe kwa sababu ambayo sikuijua. Nilikaa pembeni nikisikiliza ukimya kama nilivyofundishwa, na sikusikia chochote ndani yake ambacho ningeweza kumpelekea Sista Ijumaa. Kaka hakuniita daktari wa masikio tena. Nilipoingia alisogeza tu miguu ili nipate pa kukaa.

Sauti ya mama ilirudi kidogo kidogo, ikiwa nene, kama ya mtu mwingine. Ilipoweza kutamka jina, mwanawe alikuwa hageuki tena akiitwa. Aliliita hata hivyo. Aliliita taratibu karibu na sikio, asubuhi na jioni, bila kulia. Siku moja mchana nesi akaja akamwambia, mama, inatosha.

Mjomba ndiye aliyepeleka habari Sitalike safari ile, mimi nilikataa. Nilifika kwenye mazishi pamoja na Sista kwa gari la parokia. Uwanja haukuwa umefagiliwa. Walikuwepo wanaume wa kuchimba na wanawake wachache wa nyumba za jirani. Yule mtani hakutokea. Watu wa vijiji vya njiani walisema wameshamlilia, wameshakula matanga yake, na wengine, mjomba alituambia akitazama chini, walidhani safari hii ni uongo. Sanduku lilikuwa tayari tangu siku ile. Mama hakulia. Alisimama na khanga yake kichwani, na watu walimtazama yeye kuliko kaburi, wakisubiri.

Tulipokuwa tunarudi Sista aliniuliza swali alilomwuliza kila mmoja mwisho wa mazoezi, "Ungefanya nini tofauti?"

Nilifikiri mpaka tukavuka daraja. Nikamwambia sijui.

"Ulisema kweli," alisema.

"Ndiyo, Sista."

Mafunzo nilifaulu. Nilipewa cheti, na mama yangu amekifunga kwenye nailoni, kinaning'inia ukutani.

Bado naitwa wodini na bado natumwa kwa ndugu. Nimejaribu njia nyingi. Nilikwenda na shati la mgonjwa ili wajue kweli natoka kwa mtu wao, wakasema nguo za marehemu zimeletwa. Nilikwenda huku nacheka, wakasema maskini, amechanganyikiwa kwa kubeba habari nzito. Niliwahi hata kuongopa kwamba mgonjwa amepona, nikaona wanawake wanatafuta mifagio. Wakati mwingine wanakuja upesi kwa sababu lori lipo. Mara nyingi wanasubiri ndugu.

Sasa wodini kuna binti ambaye mama yake yuko Karema. Ameshaanza kuniuliza kama najua njia ya ziwani, na mimi najibu kuwa naijua. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma hapa, kama kuna kati yenu aliyewahi kutoka hospitali kwenda kumwambia mama kuwa mwanawe yu hai, na mama akaamini, naomba aniandikie kupitia parokia. Anieleze alisimama wapi, alianza na neno gani, na alimwambia nani kwanza. Hata kwa penseli, hata kwenye kipande cha karatasi ya sukari. Andikeni upesi, kwa sababu daktari amesema kama ataitwa, aitwe sasa.